Lushoto kwa Boxer? Lala Korogwe kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Tabata, nafanya kazi maabara. Nina Boxer 150 niliyonunua ili nikwepe foleni, huu mwaka wa tatu naenda nayo kazini. Siku hizi kila nikishika simu naona Wazungu wanaendesha pikipiki peke yao huko vijijini kwao, majira ya kuchipua, maua pembeni mwa barabara, na roho yangu inanituma nami nifanye hivyo. Nimechagua Lushoto. Mama anasema pikipiki ni ya bodaboda na mtoto wa kike haendi milimani peke yake. Kaka yangu anasema Boxer haiwezi kupanda ule mlima. Nani yuko sahihi? Niende mwezi gani, nipite wapi, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana wake ni mwepesi. Simama Mombo asubuhi yoyote, pale njia ya Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu ya Moshi, uhesabu Boxer zinazopanda. Utaona dereva, abiria wawili na mzigo juu ya tangi. Zinapanda, zinashuka, jioni zinapanda tena. Wewe utakuwa na begi la nguo. Kilomita 33 za lami haziwezi kuishinda injini ya cc 150 iliyobeba mtu mmoja.

Mama yako tumsikilize zaidi. Hilo la mtoto wa kike tuliache, pikipiki haijui nani kaikalia. Lakini hapo aliposema "peke yake" kagusa penyewe. Nimefundisha watu kuendesha pikipiki hapa Dar zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu walioanguka safari ya kwanza ya mbali hawakuangukia pale walipopaogopa. Waliangukia mwisho wa siku, wamechoka, wanajiona wameshafika. Mkiwa wawili, mwenzako atakuona unayumba atakuambia simama. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia.

Kwa hiyo ukisahau mengine yote, hili lishike: usiende Lushoto kwa siku moja. Lala Korogwe, mlima uupande asubuhi.

Mimi hilo nililipia kwa kifundo cha mkono. Mwaka 2009 niliondoka Ilala saa mbili asubuhi, tayari nimechelewa, na Honda ya kuazima. Nikasimama hapa na pale kupiga soga, nikafika Mombo saa kumi na moja kasoro, jua limeinama. Nikajiambia kilomita thelathini na tatu ni kama Posta kwenda Kibaha, nikapanda. Baada ya Soni ukungu ukashuka. Kwenye kona ya kulia likatokea lori la kabichi, taa zote zinawaka, limekula nusu ya upande wangu. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Kesho yake nilirudi kuipima, bajaji ingepita. Lakini nilikuwa nimezikodolea macho zile taa, mikono imekakamaa, na tangu Segera sijatia tone la maji mdomoni. Pikipiki ikafuata macho yangu, ikaelekea kwenye lori. Nikaikwepesha mwisho kabisa, nikaishia mtaroni. Kijana mmoja aliyekuwa anarudi na kuni akanisaidia kuinyanyua. Mkono wa klachi umekatika, kifundo kimeumuka kama andazi. Honda ilikuwa nzima na barabara ilikuwa nzima, mbovu nilikuwa mimi.

Sasa majira. Machipuko ya Ulaya hatuna, ila tuna mwisho wa masika, na kwa mwendesha pikipiki mambo ni yaleyale. Masika huanza Machi na kukata Mei. Ukienda Aprili unaweza kukuta udongo umeporomoka katikati ya lami njiani kwenda Soni, na hutaliona hilo mpaka umalize kona. Ukingoja Septemba, nyasi za bondeni zimeshakuwa rangi ya mkate. Katikati ya Juni ndipo penyewe: huku chini bado kijani, joto la pwani limepungua kiasi kwamba hutaiva ndani ya koti, na mvua ikija inakuja kwa adabu. Hata hiyo ya adabu uiheshimu. Lami iliyokaa kavu siku nyingi huwa inateleza zaidi dakika za mwanzo za mvua, maji yanapochanganyika na oili na vumbi kabla hayajaisafisha. Simama kwenye kibanda robo saa, kunywa chai, halafu endelea. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni kule ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Beba sweta, kanga haitoshi.

Juni ina jambo jingine ambalo wavuvi wa Kunduchi wanalijua kuliko sisi wa pikipiki, nalo ni kusi. Upepo huo unatoka kusini-mashariki. Kwenda utasukumwa mgongoni, utaona Boxer imekuwa kijana. Kurudi utalipa deni: itakunywa mafuta zaidi, shingo itauma, na kila ukitoka kwenye miti kuingia sehemu ya wazi utasukumwa. Wapo waliosimama kwa fundi pale Mkata wakidhani injini imeisha nguvu, kumbe ni upepo tu.

Njia. Wengi watakuelekeza Kimara, Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha kulia. Kwa gari sawa, kwa Boxer sikushauri, maana hiyo ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo na Rwanda. Lori refu likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, halafu unakunyonya ndani, na mgeni hushtukia huo wa pili. Wewe pita Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Mapinga, halafu ukiwa Bagamoyo ushike lami ya kilomita 64 inayokwenda kutokea Msata, kwenye barabara ya Chalinze na Segera. Unapita bonde la Ruvu, unapita Kiwangwa kwenye mananasi. Hiyo ndiyo barabara ya zile video zako. Ipite kwa mwendo wa 60, wala usiwe na haraka. (Usisimame Bagamoyo mjini kupiga picha magofu mpaka saa nne. Magofu yatakungoja, jua halingoji.)

Ukishatokea Msata unarudi kwenye mabasi. Daraja la zamani la mto Wami lilikuwa jembamba, bondeni, magari yanapishana kwa zamu, na mimi nilikuwa nalivuka nikisoma dua. Tangu 2022 kuna jipya, pana, utapita bila hata kujua umepita. Kuanzia hapo mpaka Mkata angalizo lako ni ng'ombe na mbuzi. Mbuzi mmoja akivuka, jua kuna wa pili anamfuata, na wa pili ndiye haangalii. Ukiona kibao cha 50, ni 50 kweli, askari wa tochi wana macho, na zaidi ya hapo mtoto wa shule wa Mbwewe hana namna ya kujua breki zako zikoje. Kabla ya Segera utapita Michungwani, jina linajieleza. Simama, nunua machungwa ya kumenywa, kaa kivulini ule mawili. Huo ni ushauri wa kitaalamu, sikutanii, maana macho ya mtu mwenye kiu huchelewa kuona.

Tabata hadi Korogwe kwa njia hiyo ni kama kilomita 290. Juni jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, ondoka hapo, usiondoke gizani kwa kujifanya shujaa. Ukisimama kila baada ya saa moja na nusu, saa nane au tisa mchana uko Korogwe, umeoga, umekula. Ukiwa hapo utaiona milima imekaa upande wa kaskazini na utatamani kuendelea, "bado mapema." Hapo ndipo mimi nilipokosea. Lala.

Pikipiki yenyewe sina maneno mengi, ila machache nitayasema kwa undani. Tairi: kwa Boxer ukiwa peke yako, mbele paundi 25, nyuma 28. Mafundi pancha wetu wanajaza mpaka tairi ligonge kama ngoma, kwa sababu kesho litabeba watatu na magunia. Tairi gumu hivyo linagusa lami kwa kipande kidogo, na kwenye kona ya mlimani hicho kipande ndicho kinachokushika. Nunua kipimo chako mwenyewe, pima asubuhi kabla hujaendesha, tairi likiwa la baridi. Cheni: kama fundi hajakung'olea kifuniko, kuna kipira kidogo cha kukagulia, kitoe, ingiza kidole, nyanyua. Icheze sentimita mbili hadi tatu, isizidi. Kisha zungusha gurudumu upime tena sehemu nyingine, maana cheni iliyochoka inalegea huku inakaza kule. Ukiikuta hivyo, usiikaze, badilisha cheni na sproketi zake, yale magurudumu yenye meno. Oili badilisha wiki moja kabla, usibadilishe jana yake, ili kama fundi hakukaza nati uigundue ukiwa Tabata.

Halafu waya wa klachi. Huu ni ujanja wa zamani na sijui kwa nini watu wameuacha. Nunua waya mpya, upitishe sambamba na ule unaotumika, kutoka kwenye mpini hadi kwenye injini, ufunge kwa vizipu vya plastiki, ncha zake zifunike kwa nailoni. Wa zamani ukikatika porini, huhitaji kufungua tangi wala kutafuta njia ya kuupitisha. Unachomoa ncha mbili, unachomeka ncha mbili, dakika kumi. Beba pia plagi, tyubu ya mbele na ya nyuma, na spana zinazotoa magurudumu yote mawili. Kuziba pancha si lazima ujue, fundi utampata. Kutoa gurudumu ujue.

Na hapo ndipo Boxer inapoyashinda mapikipiki makubwa ya kifahari. Mwenye pikipiki ya cc 1,000 akiharibikiwa Kabuku, atangoja kifaa kutoka ng'ambo. Wewe ukiharibikiwa Kabuku, kijiwe cha kwanza utakachokiona kina pikipiki kumi kama yako na vijana wanaoifungua gizani. Tangi linachukua lita 11, na kwa mwendo wa 60 lita moja itakupeleka kilomita 40 au zaidi, lakini jaza likifika nusu, na jaza kituoni. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Kuvaa: kofia ngumu inayofunika uso mzima, yako, siyo ile uliyopewa na pikipiki. Ifunge, kisha ishike kwa nyuma uivute kwenda juu na mbele. Ikitoka, haikufai. Glavu, koti, viatu vya kufunika kifundo. Mtandio uingize ndani ya koti wote, na usivae dera wala kitu cha kupepea. Nimeshaona kanga ikivutwa na spoku, na sitaki kusimulia.

Sasa mlima. Asubuhi, umelala, umekunywa chai, Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 40 katikati ya mkonge. Mombo simama. Nyoosha mgongo, jaza mafuta, punguza gia akilini. Njia inaanza kujikunja karibu mara moja, mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, na inabadilishana. Hapo mwendo wa 40 ni mwingi. Kwa 40 unakwenda mita 11 kila sekunde, na zipo kona ambazo huoni hata mita 20 mbele. Kanuni yangu ni moja: nenda mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya kipande unachokiona. Ukiona kipande kifupi, mwendo mfupi.

Breki na gia malizana navyo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima, haijalala. Ndani ya kona usiguse breki ya mbele, shika mafuta kidogo, sawasawa, bila kuvuta na kuachia. Kichwa geuza. Nasema kichwa, siyo macho peke yake: kidevu kielekee unakotaka kutokea. Na jaribu hili kabla hujaenda, kwenye uwanja mtupu: ukiwa kwenye mwendo wa 30 au 40, sukuma mpini wa kushoto mbele kwa kiganja, kidogo sana. Pikipiki italala kushoto. Inaonekana kinyume, na umekuwa ukifanya hivyo miaka mitatu bila kujua. Ukishajua, siku kona ikikaza ghafla utasukuma zaidi badala ya kuganda kama nilivyoganda mimi.

Kona ya kulia, kaa kushoto kwa upande wako, unaona mbali zaidi na uko mbali na anayekata kona. Kona ya kushoto ndiyo yenye hila. Inakuvuta utanuke kwenda kati, na katikati ndiko Coaster inakoshukia. Kaa katikati ya upande wako, piga honi kabla ya kuingia, na usikanyage kokoto za pembeni. Lori likikufuata kwa nyuma linapiga kelele, wewe ndiye mwenye barabara mpaka upate sehemu pana. Ukiipata, lipishe, lisalimie. Soni iko katikati ya njia, simama uangalie maporomoko, misuli ya mabega itakuwa imeshikana hata kama hujui.

Lushoto penyewe hunihitaji. Panda Irente, ukae kwenye mwamba, utaona tambarare yote na barabara uliyopita imekuwa uzi. Msitu wa Magamba unafaa asubuhi ukungu ukishainuka. Mtae usiende safari hii. Ni mbali, njia ya udongo, na udongo ni somo lake.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, na bodaboda watakufundisha vibaya. Utawaona wanazima injini au wanaweka nyutro washuke bure. Usithubutu. Boxer nyingi zina breki za ngoma, na ngoma ikibanwa mfululizo kwa dakika kumi inapata moto mpaka viatu vya breki vinaacha kushika, unabonyeza, hakuna kitu. Weka gia ya pili, acha injini ikushike, breki gusa na uachie. Ukisikia harufu kama ya kamba inayoungua, simama palepale, kunywa maji, zipoe. Usizimwagie maji.

Turudi kwa mama. Mwambie hivi: utamtumia ujumbe kutoka Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera na Korogwe, kila ukisimama na kabla hujafungua kofia. Mwachie namba za gari lako, namaanisha za pikipiki, na jina la nyumba ya wageni utakayolala. Mkubaliane kwamba saa mbili zikipita bila ujumbe, kaka yako ndiye anaanza kupiga simu. Mpe hiyo kazi, atapunguza na maneno. Njiani simama mabasi yanaposimamia, penye akina mama lishe na vyoo. Salimia vijana wa vijiweni, wanaheshimu mtu anayeijua pikipiki yake. Lakini akikuuliza mtu unalala wapi, jibu lako ni kwamba wenzako wako nyuma wanakuja.

Kurudi usirudi Jumapili jioni, foleni ya Bunju kuja Mwenge itakumaliza baada ya kilomita mia tatu za upepo wa mbele. Omba ruhusa Jumatatu.

Na hutaondoka kabla hujafanya jaribio. Jumamosi hii funga begi lilelile, uzito uleule, nenda Kisarawe kupitia Pugu. Vilima vya pale ni vidogo, lakini kona ni za kweli na msitu una kivuli. Endelea kuelekea Maneromango mpaka utimize saa tatu juu ya kiti, kisha rudi. Ukishuka nyumbani, kabla hujaoga, andika panapouma: viganja, mgongo, au makalio. Viganja vikiuma, unaning'inia kwenye mpini. Mgongo ukiuma, begi limekaa vibaya. Niandikie, nitakuambia cha kurekebisha, na muda bado unao, Juni haijafika.